Kompyuta Niliyoipaka Vanishi

Mwanangu, wacha nianze na ile ya aibu ndio tumalizane nayo mapema. Nakumbuka siku moja, nikiwa kijana, nilipaka kompyuta vanishi. Sio kwa nje. Ndani. Na kompyuta yenyewe haikuwa yangu.

Ilikuwa ya Sironka, mwenzangu wa kazi. Tulikuwa na workshop ya mbao hapa Kitengela, wakati ule ng'ombe bado wanapita barabarani na gari ndio inangoja. Mimi nilikuwa wa kukata na kuranda. Yeye alikuwa wa kuongea na wateja, maana mimi shule niliachia form two, na hata hiyo two sikuimaliza. Sironka aliuza ng'ombe akanunua hiyo kompyuta, ili mteja achorewe kabati lake akiwa ameketi, alione kabla ubao haujakatwa. Nyumbani kwao walimcheka. Ng'ombe anazaa, walimwambia, hiyo kitu inazaa nini? Kwa hivyo kila akitoka kutafuta wateja, alikuwa ananiambia neno moja tu: "Njoro, chunga hiyo kitu na vumbi."

Niliichunga. Unajua vile workshop iko. Mashine ya kuranda ikianza, vumbi linaingia kwa chai, kwa masikio, kwa mfuko wa shati uliofungwa kifungo. Na mimi nimelelewa kwa nyumba ya mama, ambapo kila kitu cha maana kiko na kitambaa. Viti viko na kitambaa, redio iko na kitambaa, TV iko na cha Jumapili. Nikamwambia mama anishonee cha kompyuta. Akashona, cha uzi mweupe na maua pembeni. Lakini nikaona matundu ya uzi yatapitisha vumbi, kwa hivyo kwanza nikalifunga lile sanduku la kompyuta na karatasi ya plastiki, nikazungusha selotepu pande zote, kisha nikalivalisha kitambaa juu. Lilikaa kama bibi harusi. Na nikawa naiacha ikiwaka kutoka asubuhi mpaka jioni, kwa sababu kuiwasha kulichukua muda na mimi subira sina.

Wiki hiyo tulikuwa na kazi ya Mwalimu Nasieku wa Kajiado, makabati ya jikoni. Wageni wa posa ya binti yake walikuwa wanakuja Jumamosi, na mwalimu alitaka wakute jikoni imekamilika. Vipimo vyote vilikuwa kwa hiyo kompyuta, na hapo tu.

Ikaanza kuzimika. Naiwasha, inaguruma kidogo, inazima. Nikagusa sanduku, moto kama sufuria ya githeri. Nikatoa kitambaa na plastiki, nikafungua ubavu, nikakuta vumbi lililoingia kabla sijaifunga limelala humo ndani kama liko kwao. Hapo sasa nikapata wazo, na mimi nikipata wazo watu hukaa mbali. Nikachukua paipu ya kompresa, ile mashine ya upepo tunapigia vanishi. Nikapiga mara ya kwanza, vumbi likatoka vizuri. Nikajisifu. Nikapiga tena, na vanishi iliyokuwa imebaki kwa paipu ikatoka yote. Kompyuta iling'aa, mwanangu. Sijawahi kufanya kazi safi hivyo.

Sironka alirudi akasimama mlangoni. Alinusa.

"Umepaka nini?"

"Nilikuwa natoa vumbi."

"Njoro. Umepaka nini?"

Nikamwonyesha. Akaketi kwa rundo la mbao, na siku hiyo hakunisemesha tena. Fundi wa kompyuta aliiangalia akasema haitaamka, na hiyo michoro hatungeipata kabla ya Jumamosi.

Nikaenda kwa mama kulalamika kwamba kitambaa chake hakikusaidia. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Ulikuwa unaifunika saa gani?"

"Saa zote."

"Hata ikifanya kazi?"

"Ndio, mama."

"Mimi TV yangu naifunika ikiwa imelala. Kwani wewe ukiranda mbao unajifunika blanketi kichwani? Kitu kikifanya kazi kinapumua, Njoroge. Hata wewe ungekuwa unapumua, kama ungekuwa unafanya kazi."

Asubuhi nikaenda Kajiado kupima upya. Nilitaka Sironka aende, akakataa bila hata kufungua mdomo. Mwalimu akanitazama nikitoa tepu.

"Kwani ukuta wangu umehama?"

Nikafikiria kudanganya, nikaona sina uongo wa kutosha. Nikamwambia yote, mpaka kitambaa. Akashika ule upande mwingine wa tepu.

"Pima. Lakini Jumamosi ni Jumamosi."

Tukakata, tukaranda, tukapiga msasa, tukapaka vanishi koti mbili, ya pili juu ya ya kwanza, mimi na Sironka. Makabati yalifika Jumamosi asubuhi, droo moja ikiwa bado inanata. Wageni walikunywa chai wakaenda, na hakuna aliyeivuta hiyo droo.

Sasa wewe pia uko na kompyuta kwa workshop yako, kwa hivyo sikiza mtu aliyeharibu. Usiiweke chumba kimoja na mashine ya kuranda. Hata ukuta wa plaiwudi na mlango unaofungwa utasaidia. Kama haina pa kwenda, itengenezee sanduku, si wewe ni seremala? Lakini acha mahali pa hewa kuingia na pa kutoka, na pale inapoingia weka kitambaa chepesi, ukikung'ute kila jioni. Kuifunika kabisa, ngoja ikiwa imezimwa na imepoa. Kusafisha, izime, chomoa waya, tumia brashi laini polepole. Kompresa iachie mbao. Vipimo vya mtu viweke pengine pia, hata kwa simu. Na mtu akikuambia uchunge kitu chake, kwanza muulize kinachungwa aje. Mimi niliona aibu kuuliza, nikaona afadhali nishonewe kitambaa.

Mungu akupe vidole vyote mpaka uzeeni, kifua kisicho na vumbi, na mwenzako wa kazi kama wangu.

Maana Sironka bado tuko naye. Ilipita muda mrefu kabla hajaongea juu ya hiyo kompyuta. Siku aliongea, tulikuwa tunapiga msasa meza, kila mtu upande wake.

"Njoro, ile siku sikukasirika kwa sababu ya kompyuta," akasema. "Nilikasirika kwa sababu ulipaka koti moja, na hukupiga msasa kwanza."