Mlinzi wa Udongo wa Tundra

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoa mifuko sita ya sombe kwenye friza ya Mama, nikaiweka juu ya mashine ya kufulia, ili nipate nafasi ya sinia la udongo. Joto la Sydney siku hiyo lilikuwa halina adabu. Mama alipotoka kazini, majani yake ya muhogo, ambayo huyafuata mpaka Cabramatta, yalikuwa yanachuruzika sakafuni. Akayapika yote, tukala sombe wiki nzima. Ndivyo nilivyoanza kazi, wadogo zangu wa darasa la saba. Msikilizeni mstaafu.

Mwalimu wa Jiografia alituagiza tuunde tundra, ile nchi ya baridi kule juu ya dunia isikoota miti, kwa ajili ya siku ya wazazi. Binamu yangu Baraka, ninayelala naye chumba kimoja, akapewa Wanyama. Mimi nikapewa tope.

"Mwalimu, mbona yeye apewe mbweha?"

"Kwa sababu Baraka hajawahi kuniletea chura darasani."



Baraka akatengeneza mbweha mweupe wa pamba, mwenye manyoya hadi chini ya nyayo, maana wa kule hukanyaga theluji. Mama alimpakata kama mtoto mchanga. "Baraka, mikono yako ina akili!" Chai yangu ikakosa utamu ghafla. Udongo wangu nani angeupakata?

Basi nikakaza. Udongo wa tundra umeganda chini miaka na miaka. Kiangazi huyeyuka tabaka la juu tu. Mizizi haina pa kwenda, ndiyo maana mimea yake ni mifupi: kuvumwani zinazotambaa juu ya mawe, nyasi, vichaka visivyofika gotini. Nikamwagilia, nikagandisha, nikamwagilia tena.

Baraka akachungulia. "Kaka, unapika matofali?"

Siku yenyewe ukumbi ulikuwa kama tanuri. Udongo wangu ukalainika juu, chini bado jiwe. Maji yakakosa pa kuzama, yakatuama. Mbweha wa Baraka, aliyesimamishwa juu yake, akadidimia mpaka tumboni.

"Msiguse!" Mwalimu akapiga kelele. "Hicho ndicho kiangazi cha tundra!"

Wazazi wakanizunguka. Nikaeleza, nikapandisha sauti, nikamtafuta Mama. Alikuwa anampigia makofi Baraka, aliyekuwa akimkamua mbweha.

Nikastaafu palepale. Nikiitazama kazi yangu sasa, udongo haukunikosea chochote. Nilikuwa namwonea wivu mnyama wa pamba.

Tulipokuwa tunatembea kutoka kituo cha treni cha Granville, Baraka ametangulia, nikamuuliza Mama kama hata aliniona.

"Nilikuona, na sauti yako hata waliobaki nyumbani waliisikia," akasema. "Lakini mama yake Baraka yuko Kigoma, hawezi kuja kukaa kwenye kile kiti. Yale makofi yalikuwa ya dada yangu, mimi nilimwazima mikono tu. Macho yalikuwa kwako."