Drusilla na Mkono Usiouma

Katika ghuba yetu huku Newfoundland hapakuwa na mtu wa kumficha Drusilla Pardy sura yake. Kila Krismasi, kwa mchezo wa kufichana wa huku, majirani walimjia nyumbani wamejifunika foronya kichwani, wamevaa magauni na mito tumboni, wanasema kwa kuvuta pumzi ndani ili sauti zisijulikane. Naye aliwataja mmoja mmoja mpaka foronya zikavuliwa, ramu ikamiminwa. Tangu usichana hakuwahi kushindwa na mgeni hata mmoja, na sifa hiyo aliipenda kuliko keki yake, ambayo aliipenda sana.

Mwaka mmoja nesi Bernice alichanja watu chanjo ya mafua, sindano bega la kushoto. Kesho yake, siku ya wageni wa foronya, Drusilla akaamka na homa, mkono wa kushoto mzito kama gogo. Mumewe, Hezekiah, alikuwa kitandani ghorofani akiguna kumshinda, na mwenye homa ndiye aliyempandishia supu.

"Si ugonjwa huo, mama," nesi alimwambia alipopita mchana. "Askari wa damu yako wameonyeshwa koti la adui, adui mwenyewe hayumo. Wamejazana hapo mkononi, ndiyo maana pamevimba. Wengine wanapeleka kipande cha koti kwenye tezi za kwapani, anatafutwa askari wa kulishika barabara, anazaana, na kizazi chake kinatengeneza kingamwili, silaha za kumkamata adui. Wachache watabaki kulikumbuka."

"Mpaka lini?"

"Mwakani tunachanja tena. Wanasahau, na adui naye anabadilisha koti."

"Askari gani hao! Mimi namkumbuka mtu kwa kisigino!"

Bernice akacheka. "Watu wote wamechanjwa, ila mmoja. Simtaji."

Jioni wageni wanne wakaingia. Drusilla akatazama visigino. Homa ikavifanya viwili viwili.

"Sisi nani, bibi?"

"Ngojeni."

"Kazeeka huyu!" Mnene wao akamchezea kiuno mbele ya pua.

Drusilla akalifokea kwapa lake mbele ya watu: "Tulieni humo! Koti lenu mtalikumbuka kesho, leo zamu yangu!"

Kwapa likazidi kupwita. Kwa hasira akainuka, akapepesuka, akamkumba mgeni aliyesimama kando ya mnene, bega la kushoto.

"Yalaa!" Sauti ikatoka na pumzi ya nje, yake halisi.

"Eliol," akasema Drusilla, uso ukamng'aa. Akamdunga kidole wa pili, bega lilelile la kushoto.

"Mama yangu!"

"Bernice! Nesi mzima!"

Wa tatu akalia kama mbuzi: Clarence. Akamdunga yule mnene. Kimya. Akamtwanga ngumi. Kimya.

Drusilla akasikiliza juu. Hakuna aliyekuwa akiguna.

"Hezekiah, vua foronya yangu."

Akaivua. "Mke wangu, ile sindano nilipoiona tu..."

"Kesho asubuhi, kwa Bernice."

"Na homa ikinishika, utaniletea supu?"

"Yako ulishakunywa," akasema Drusilla, akawamiminia ramu wale watatu.