Kichuguu cha Thome

Mama mkubwa Ndululu, mke wa ndugu mkubwa wa baba yangu, husukia vyondo vyake mlangoni pa jikoni, na kutoka hapo huona thome yote. Thome ni uwanja wa mbele ya boma ambapo wanaume huota moto jioni na kuletewa chakula. Sisi wasichana na mama zetu tunakula jikoni. Mvulana akishaanza kuchunga mbuzi, si mtu wa jikoni tena, anakwenda kukaa nje na baba yake. Babu ndiye aliyeichagua thome yetu, kando ya kichuguu kirefu kuliko mtu, kwa sababu kinakinga upepo, na ukikiegemea mgongo unapata joto.

Mwaka wa njaa ya mahindi ya njano, Mbuvi, mwana wa kwanza wa mama mkubwa, alishikwa na homa isiyoisha. Akakonda mikono na miguu, tumbo likafura upande wa kushoto. Wakamchanja kwa wembe juu ya uvimbe, kama wazee walivyozoea. Haikusaidia kitu. Bahati yake, wakati huo madaktari wa utafiti walikuwa wamepiga mahema karibu na soko. Mkubwa wao alikuwa Evanson Njogu, kijana wa upande wa Murang'a ambaye Kikamba chake kiliishia kwenye salamu. Alimpima Mbuvi damu, akasema ni kalaazar, akamdunga sindano kila siku mwezi mzima. Mbuvi alilia kila asubuhi, lakini alipona. Siku hizi anapasua kokoto huko barabara ya Mombasa, na masharubu anayo.

Njogu hakuishia kwa sindano. Aliuliza kila boma lina watoto wangapi, na nani hukaa wapi jioni. Alisimamisha karatasi zilizopakwa mafuta kwenye matundu ya kichuguu, na asubuhi zikakutwa zimenasa wadudu wadogo kama vumbi. Kabla ya kuondoka aliita watu akawaeleza: hako kainzi kanalala ndani ya kichuguu, jua likizama kanatoka, kanauma aliye karibu. Ndiyo maana wagonjwa wengi ni wanaume na wavulana. Akasema watu wahame vichuguu, na ile sindano iwekwe dispensari. Haya yote angeyapeleka Nairobi kwa wakubwa, yarudi yakiwa amri ya serikali.

Jioni hiyo hiyo mama mkubwa alimwambia mumewe, Musyoka, asogeze moto. Musyoka akacheka mbele ya wenzake.

"Mama Mbuvi, ndovu alinifukuza nikasimama. Sasa nikimbizwe na kainzi nisikokaona?"

Wanaume wakaangua kicheko. Mama mkubwa hakubishana. Neno la mke haliwezi kuhamisha thome, na hilo alilijua kuliko sisi. Lakini amri ya serikali Musyoka asingeikataa, chifu angemfuata mpaka hapo hapo. Basi akaingoja amri. Kila chifu alipoitisha baraza, alikwenda na kiondo chake, akasuka mpaka watu wakatawanyika.

Amri haikuja, na Muli, kitindamimba wake, akaanza kuchunga. Siku ya kwanza alibeba kigoda chake mwenyewe mpaka thome, kifua mbele. Mama yake akamwita arudi kula jikoni. Wavulana wenzake wakamwita mtoto wa majivu. Muli akalia, akatoka tena na kigoda chake.

Homa ilipompata, mama mkubwa hakungoja kuambiwa. Alimpapasa ubavu wa kushoto kwa kiganja, kisha akamfunga mgongoni kama mtoto mchanga, Muli mkubwa vile. Mtu wa dispensari hakuwa mbaya. Ugonjwa aliujua, ila alisema dawa yake haimo kwenye zile wanazoletewa. Akampa vidonge vya malaria.

Baraza lililofuata lilikuwa na afisa wa afya kutoka mjini. Akatangaza kwamba kilio cha kalaazar kimesikika, na serikali itapiga dawa ya wadudu nyumba zote. Watu wakampigia makofi. Mama mkubwa akasimama, akasema yale ya Njogu yote, kichuguu, thome, sindano. Afisa alimsikiliza vizuri.

"Mama, mpango umeshapitishwa," akasema. "Ni nyumba kwa nyumba."

"Na watoto wetu wanaumwa na kainzi nje."

Watu wakacheka, hata afisa mwenyewe. Chifu akamwambia mama mkubwa aketi, wengine nao wana maneno.

Musyoka akauza ng'ombe wa kulima, wakampeleka Muli hospitali. Huko waliambiwa sindano lazima iagizwe Nairobi. Ilikuwa bado inaagizwa Muli alipoanza kutoka damu puani, haikukatika, akafa.

Jioni ya mazishi Musyoka alichukua vijinga vya moto kwa koleo, akavihamishia ng'ambo ya boma, mbali na kichuguu. Hakuna aliyemwamuru. Hakuna aliyecheka pia.

Baadaye wapiga dawa walifika. Mama mkubwa akatoa vitanda na vyungu nje, wakanyunyiza kuta za jikoni, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuumwa. Akawaonyesha kichuguu. Wakasema dawa yao ni ya kuta.

Mwaka jana Njogu alirudi na Landrova mpya, amenenepa kidogo. Ulikuwa utafiti mwingine, wa kujua kama ugonjwa umepungua. Mama mkubwa alimpa kigoda, cha Muli kile, na uji.

"Yale uliyotuambia, uliyapeleka?" akamuuliza.

"Niliyapeleka mwenyewe, mama. Wakasema ni kazi nzuri sana."

"Nani alisema?"

"Ofisini."

"Ofisi haisemi. Nani?"

Njogu akatazama uji wake. Alisema wakubwa hubadilishwa mara kwa mara, na kazi yake yeye ni kutafuta, wa kuamua ni wengine.

"Wewe ulitafuta, wao wakaamua," alisema mama mkubwa. "Mimi nilikuwa nangoja nani kati yenu?"

Njogu akafungua kalamu, kwa sauti ya chini akauliza boma lina watoto wangapi.

Mama mkubwa alikuwa ameshaokota kiondo chake.

"Hesabu yetu mnayo tangu mwaka ule," akasema. "Toa mmoja."