Taa ya Chumbani

Juzi, Kariakoo, nilimwona muuza taa akiwasha balbu kuijaribu kabla ya kumpa mteja, nikamkumbuka baba. Alasiri moja nikiwa mtoto, siku chache baada ya kumzika mama, alinishika mkono mbele ya duka la taa kama hilo. Palinuka nyaya mpya, na muuza kahawa alikuwa akigonga vikombe vyake.

“Jikoni?” muuzaji aliuliza.

“Nyeupe, kali.”

“Sebuleni?”

“Kali pia. Watu bado wanakuja kutoa pole.”

“Na chumbani, kaka?”

“Hafifu kuliko zote.”

Nilidhani anabana matumizi ya umeme.

Juzi zamu yangu ilipofika, niliulizwa kuhusu taa ya chumbani. Tangu nimzike mume wangu, nami nachukua hafifu. Taa kali huonyesha kitanda kizima, hadi upande usiolaliwa.