Mstari ule ulikuwa wangu

Leo nimegundua mwenzangu wa kazini, Otieno, alifutwa kazi kwa kosa langu.

Mnakumbuka ile programu yetu ya kompyuta, iliyoandikwa kwa lugha ya C, iliyokuwa inakula memori mpaka mashine inazimika?

Ni mimi niliyemwambia bosi, hapa ofisini Markham, Kanada, kwamba Otieno hajui kuachilia memori, yaani kuirudisha kwa mashine programu ikimaliza kuitumia.

Ameenda. Mashine bado inazimika. Leo nikaufungua upya msimbo wa programu.

Kumbe orodha moja inaanzishwa mara mbili. Mara ya pili inafuta anwani ya memori ya kwanza, na hiyo ya kwanza haiachiliwi tena.

Nikatafuta kwenye rekodi ya mabadiliko nani aliongeza mstari huo wa pili.

Jina langu.

Jumapili kanisani Otieno aliniomba nimsemee vizuri kwa mwajiri mpya anayetaka kumwajiri. "Bro, wewe ndiye unaijua kazi yangu."

Nilikubali.

Sasa namwambiaje?