Bastola Katika Mkoba wa Marehemu

Mkoba ulikaa siku kadhaa juu ya kabati la mama mukubwa bila kuguswa na mtu.

Mama mukubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Kazi yake hapa Brussels ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza wakilalamika kuhusu watoto wao. Bibi mmoja wa Kizungu, ambaye alimhudumia kwa muda mrefu, alifariki baridi ilipoanza, na binti yake akampa mama mukubwa mkoba wa ngozi nyeusi wenye kifungo cha shaba. Alimkabidhi kama ulivyokuwa, na vitu vyake ndani. Ndani kulikuwa na kitu kizito kilichogongagonga kila mkoba ulipoinamishwa.

Mtu mwingine angeufungua ndani ya tramu. Katika familia yetu, watu wa Bukavu, kitu cha marehemu hakifunguliwi na mrithi akiwa peke yake. Kinawasubiri ndugu, kinaombewa, kisha kinafunguliwa mbele ya macho ya wote. Niliwahi kuuliza: ikiwa ndugu wanakuja kuwa mashahidi, maombi ni ya nini? Na ikiwa maombi yanatosha, mashahidi ni wa nini? Nikajibiwa kwamba chuo kikuu kimeniharibu.

Basi Jumapili baada ya ibada tukawa watatu sebuleni kwake Anderlecht, madirisha yamefungwa, sufuria ya maharage ikichemka jikoni. Mama mukubwa, mimi, na mdogo wao wa kiume, mjomba wangu, ambaye kila mtu anamwita tonton. Tonton alitoka Kivu kwa miguu wakati wa vita. Hata leo, fataki zikipigwa upande wa mfereji wakati wa mwaka mpya, hukaa akisikiliza na kututajia kila mlio unafanana na bunduki gani, kama mtu anayetaja majina ya ndege.

Mama mukubwa aliombea mkoba kwa muda mrefu. Mimi sifumbi macho wakati wa maombi. Si dharau, napenda tu kuona kinachofanyika. Hakuna kilichofanyika. Alisema amina, akafungua kifungo.

Zikatoka leso mbili, rozari, kitana na miwani yenye kioo kilichopasuka. Mwisho kikatoka kitu kilichoviringishwa ndani ya glovu ya mwanamke. Mama mukubwa alikifungua juu ya kitambaa cha meza, na sote tukainama kukitazama.

Kilikuwa kibastola. Kiliingia chote ndani ya kiganja. Mpini wake ulikuwa mweupe kama maziwa, chuma chake kinang'aa, na mchoro wa majani ubavuni. Kilionekana kama kitu cha kuwekwa karibu na sanduku la hereni.

"Briquet!" tonton akasema, akacheka. "Mi niko na ya vile ku nyumba. Niliipata ku marché ya vitu vya zamani."

Ni kweli, anacho. Ni kiberiti cha gesi chenye umbo la bastola, na amewasha nacho sigara mbele yangu mara nyingi.

"Tonton, una uhakika gani?" nikauliza.

"Bon. Professeur ameanza."

"Nauliza tu."

"We unaulizaka tu. Sikia, ma fille. Bunduki, mi naijua. Bunduki ni kitu ya kubeba ku bega. Ikilia, unaisikia mu tumbo. Hii?" Akaipima kwa kuirusha juu kidogo na kuidaka. "Hii hata panya haiwezi kuiogopa."

"Si mu nyumba yangu!" mama mukubwa akasema, maana tonton alikuwa tayari ameweka sigara mdomoni. "Uende kuvutia inje, ku balcon."

"Sivuti, maman. Najaribu tu kama gaz ingali mu ndani."

Kifyatuo kilikuwa kimekunjwa chini ya tumbo la kile kitu. Alikikunjua kwa ukucha. Akageuza mdomo wa kibastola kuelekea kwake, akaugusisha kwenye ncha ya sigara, akafumba jicho moja kuukwepa moto, akavuta kifyatuo.

Tak.

Mlio mdogo mkavu, kama kijiko kilichogonga sahani. Tonton akasubiri mwali. Haukutokea.

"Gaz imeisha," akasema. Akatoa sigara mdomoni, akanigeukia kwa furaha, na kile kitu kikanigeukia pamoja naye. "Professeur! Mikono juu!"

Ndipo nilipokiona kwa mbele. Juu ya kifyatuo kulikuwa na kigurudumu kidogo chenye matundu. Kila tundu nililoweza kuliona lilikuwa na kitu cha kijivu ndani yake, cha mviringo, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nilijiuliza kiberiti cha gesi kina haja gani ya matundu. Kisha nikakumbuka kwamba alipovuta, kigurudumu kilikuwa kimezunguka. Akivuta tena, kitazunguka tena na kuleta kingine.

"Tonton, ina risasi."

Wakacheka wote wawili.

"Siku ile ulisema mafuta ya upako ya pasta wetu ni ya supermarché," mama mukubwa akasema. "Leo unasema briquet ni bunduki."

"Mama mukubwa, naziona. Tonton, usinielekezee. Tafadhali."

"Preuve iko wapi?" tonton akauliza. Hilo la ushahidi ni swali langu. Nimewauliza swali hilo kuhusu ndoto, kuhusu laana, kuhusu muumini mmoja wa mtaa wa Matonge anayedaiwa kupona ugonjwa wa sukari kwa kufunga. "Kila siku unatuombaka preuve. Leo leta yako."

Kidole chake kilikuwa kimerudi mahali pake. Ushahidi ulikuwa chini ya kidole kile. Nilitaka kusimama, nikaogopa kwamba nikishtuka naye atashtuka. Nilitaka kumweleza habari ya kigurudumu, nikaona kwamba maelezo yangu yangekuwa marefu kuliko mchezo wake. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa ananipenda, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, kwa sababu mtu anayekupenda hafikirii kabisa kwamba anaweza kukuua.

Nikaacha kumtazama. Nikamtazama mama mukubwa, nikasema polepole, kwa lugha ya nyumbani:

"Mama mukubwa, nimeonyeshwa kitu. Kifo kiko mu mukono ya tonton. Kwa jina la Yesu, umuambie aweke chini."

Kicheko chake kikakatika. Hajawahi kunisikia nikisema hivyo tangu nilipoacha Shule ya Jumapili. Akasimama, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kukemea mapepo.

"Weka chini! Kwa jina la Yesu! Weka!"

Tonton aliweka. Hakubisha, hakuuliza. Aliilaza mezani mdomo ukitazama ukuta wa nje, akaondoa mkono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Tukatoka hadi kwenye ngazi, nikazima maharage njiani, nikapiga simu polisi.

Walikuja wawili. Mmoja, mwanamke aliyevaa glovu za mpira, aliingia peke yake, na baadaye akatuita. Alikuwa amezitoa risasi na kuzipanga kwenye kitambaa cha meza, nyembamba kuliko penseli. Moja ilikuwa na kovu kwenye ukingo wa kitako chake, pale nyundo ya kibastola ilipoipiga.

Nilimuuliza kwa nini haikulipuka. Akanieleza kwamba risasi za aina hii hazina kofia ya kuwashia katikati ya kitako, tofauti na zile kubwa. Kinachowasha kimejificha ndani ya ukingo wenyewe, kikiuzunguka wote. Risasi ikizeeka, mahali fulani kwenye ukingo huwa pamekufa na mahali pengine bado pako hai. Nyundo ikiangukia palipokufa, husikii chochote. Risasi inayofuata ina bahati yake yenyewe.

"Hii kidogo vile," tonton akamuuliza kwa Kifaransa, "inaua?"

"Ilikuwa umbali gani?"

Tonton akaonyesha midomo yake. Kisha akaonyesha kiti changu.

"Inatosha," yule polisi akasema.

Mama mukubwa aliogopa kwamba watasema aliiba. Walimpigia binti wa marehemu, naye akalia kwenye simu. Hakujua kama mama yake alikuwa na kitu kile. Walichukua kibastola, risasi na glovu. Rozari waliiacha.

Walipoondoka mama mukubwa alisimama jikoni akiwa amenipa mgongo.

"Jumapili ijayo utasimama ku kanisa," akasema. "Utashuhudia vile ulionyeshwa."

"Niliona risasi, mama mukubwa. Kwa macho haya."

"Na nani alikuonyesha?"

Nikamwambia kwamba nikisimama nitasema nilichokiona na si zaidi. Akasema hicho kinatosha, akawasha tena moto chini ya maharage.

Nikatoka nje kwenye roshani. Tonton alikuwa pale, sigara ile ile mkononi, haijawashwa. Ncha yake ilikuwa imebonyea pale chuma kilipoigusa.

"Professeur," akasema bila kunitazama. "Kama ungeishia kusema ina risasi, mi ningevuta tena."

"Nilisema, tonton. Nilisema hivyo kwanza."

Treni ya metro ilipita chini yetu.

"Najua," akasema. "Nilikusikia."