Kuyasindikiza Maembe ya Mambrui

Nilifunga safari kwa sababu ya miembe minane. Iko nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, Bi Zuhura, pale Mambrui, na aliipanda babu kabla baba yangu hajaoa. Ni miembe ya ngowe, embe refu lenye ncha, tamu hata ukaliota. Lakini kwa miaka mingi maembe hayo yamekuwa yakiiva kwa mkupuo, yakianguka, yakioza, na shangazi akiyafagia pamoja na majani makavu. Msimu huu alisema basi. Kikundi cha wakulima kilikuwa kimepata mnunuzi wa Maskati, maembe yaende kwa meli ndani ya kontena la baridi, na shangazi akakubali kujaribu mara moja.

"Yakipokewa, miti itakaa," aliniambia. "Yakirudi, namwita mwenye msumeno. Nimechoka mie."

Hakuwa anatania. Mwenye msumeno alikuwa ameshapita, akazunguka kila mti na kupapasa magome. Basi nikafunga duka langu la ushoni Malindi kwa siku mbili, nikaenda kuwa macho ya shangazi. Habari za simu yeye haziamini.

Mambrui, saa kumi na mbili asubuhi. Ua mzima ulikuwa unanuka utomvu wa maembe, na harufu ile ilinirudisha utotoni palepale, nilipokuwa nakula embe bichi kwa chumvi na pilipili mpaka meno yakafa ganzi. Katoni zilikuwa zimepangwa ukutani, zimefungwa, kila moja imeandikwa herufi Z kwa mkono wa shangazi. Alizipakia mwenyewe jana yake na hakutaka msaada wa mtu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ushakunywa chai?"

"Bado, lakini gari lishafika."

"Gari halina njaa. Mwite dereva naye aje anywe."

Dereva aliitwa Mutua, Mkamba aliyekaa Malindi miaka mingi na bado anashangaa watu wa Mambrui wanavyoweza kuamkiana kwa dakika kumi. Alikunywa vikombe viwili, akala na mahamri manne. Tulipoondoka shangazi alizipigapiga katoni kwa kiganja, akasema, "Haya, mwende salama, na mkawasalimie." Alikuwa anaongea na maembe.

Daraja la Sabaki tulilivuka jua likianza kuchoma, mto ukiwa mwekundu wa udongo kama kawaida yake. Tukapita Malindi, tukapita Gede. Mutua ni mtu wa maneno.

"Kwetu Makueni maembe iko mingi, mama. Lakini hii ngowe yenu iko na utamu ingine."

"Utamu wa bahari huo," nikamwambia.

"Bahari ni chumvi, mama."

Nikacheka, nikamwambia aangalie barabara.

Saa nne tulifika kwenye ghala la baridi, nje kidogo ya mji wa Kilifi. Nje tulikuwa tunatoka jasho, ndani wafanyakazi wamevaa makoti mazito na kofia za sufu. Msimamizi, Bwana Kazungu, Mgiriama mpole mwenye miwani, alinionyesha makontena mawili yaliyosimama kando kwa kando. Moja lilikuwa la pweza waliogandishwa, wagumu kama mawe. La pili lilikuwa letu.

"Pweza tunamgandisha," alisema. "Embe ukiligandisha umeliua. Yeye unampa baridi ya kumlaza tu. Anachumwa amekomaa lakini hajaiva, analala njia nzima, anaamka Maskati."

Maneno hayo yalinifurahisha sana. Nikajiona tayari nimerudi Mambrui nikimweleza shangazi kwamba maembe yake yamelala.

Kabla ya kupakia ilibidi ofisa wa ukaguzi wa mimea apitie katoni za kila mkulima. Alikuwa dada kijana kutoka bara, ana kalamu sikioni. Za wenzetu zilipita. Akafungua ya kwanza yenye herufi Z, akaitoa kalamu sikioni. Akafungua ya pili, na ya tatu.

Kila embe la shangazi lilikuwa na kikonyo chake, na kwenye kikonyo jani moja la kijani.

Mimi nilielewa mara moja. Nyumbani kwetu embe la kupelekewa mtu wa heshima huenda na jani lake, ajue limechumwa kwa mkono kwa ajili yake. Lisilo na jani huhesabiwa la kuokota. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa akinituma kwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani na maembe matatu kwenye sinia. Jani likidondoka njiani nilirudi nyumbani mbio nikalilie jingine, na baba alinichumia bila kunikemea. Leo baba hayupo, na yule mwalimu hayupo. Niliona haya mbele ya wale watu wenye makoti, na papo hapo nilimpenda shangazi kuliko siku zote. Alikuwa amewapelekea watu wa Maskati asiowajua heshima ile ile.

"Dada, nipe muda kidogo," nilisema. "Nitayang'oa yote mwenyewe."

"Pole, mama. Majani ndiyo inabeba wadudu. Wakipata moja huko, kontena yote inarudishwa, hata ya hawa wengine. Na mimi naandika kile nimeona, hata ukiyang'oa sasa, leo hayapiti."

"Maembe yenyewe yana kasoro?"

"Hapana. Ndiyo mazuri kuliko yote nimeona leo."

"Basi andika na hilo."

Alicheka, lakini hakuandika. Katoni za Z zikawekwa pembeni, za wenzetu zikaingia, mlango ukafungwa na kupigwa lakiri. Bwana Kazungu akakubali kutuhifadhia zetu kwenye ubaridi hadi kesho yake.

Mombasa tulifika alasiri, tukilifuata trela lililobeba kontena, kwa kuwa niliahidi kuona mwisho wake. Mwisho wangu ulikuwa getini. Kontena liliingia bandarini likinguruma kama friji ya nyumbani, nami nikalipungia mkono kama mtu aliyeachwa. Usiku nililala kwa binamu yangu Majengo, usingizi wa mang'amung'amu.

Siku ya pili tulizichukua katoni Kilifi. Kuanzia pale hadi Malindi nilikuwa natunga uongo mmoja baada ya mwingine: meli imejaa, mtambo umeharibika. Mutua alinisikiliza, kisha akasema, "Mama, mwambie tu ukweli. Huyo ni mtu mzima."

Mambrui, baada ya adhuhuri. Nilimkuta mwenye msumeno kibarazani, anakunywa kahawa. Shangazi alikuwa amemwita akae tayari. Alizitazama katoni zikishushwa, moja moja, herufi yake juu.

"Yameoza?"

"La, shangazi."

"Yana funza?"

"La. Ofisa kasema ndiyo mazuri kuliko yote."

"Sasa?"

"Majani. Kule hawayataki, wanaogopa wadudu. Embe liende peke yake. Isingekuwa majani, maembe yangekuwa njiani saa hii."

Alikaa kitako kwenye katoni mojawapo.

"Kwa hiyo miti haina kosa," alisema.

"Haina hata kidogo."

Akamgeukia yule mtu. "Maliza kahawa yako, baba, uende zako."

Nilijifunza mengi safari ile: namna embe linavyolazwa, na kwamba sheria ya watu wa mbali huwa na sababu yake hata inapotuumiza. Niliyamwaga yote, pale pale, nikamweleza kwamba mwakani tukikata vikonyo vizuri yatapita bila shida. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwakani mtachuma na kupakia nyinyi," alisema. "Mimi nitakaa ndani. Siwezi kutazama embe likitoka kwangu kwenda kwa watu liko uchi."